Cherehani ni ya nani?

Mwezi huu tuziweke pembeni kidogo zile habari za nani kampigia nani simu saa sita usiku. Nataka tuongee kuhusu chuma. Ndiyo, chuma: cherehani, tena siyo ile ya kushonea gauni, bali lile dude zito la kushonea makochi na maturubai, na la mtumba juu yake. Usifunue ukurasa mwingine kwanza, maana dude hili limeingia kwenye ndoa ya watu ninaowapenda na mimi nilikuwepo.

Mdogo wangu wa kiume na mkewe wanaishi Mwamgongo. Kwa usiyepajua, ukitoka Kigoma mjini unakwenda Kibirizi, unapanda boti, mnafuata ufukwe kuelekea kaskazini, mnaipita Hifadhi ya Gombe yote, ile ya sokwe aliyokuja kuishi Jane Goodall mwaka 1960, na hifadhi ikiisha tu, kijiji hicho hapo. Nyuma milima, mbele Ziwa Tanganyika, na ukiendelea na boti hiyo hiyo utafika Kagunga, mpakani na Burundi. Saruji inakuja kwa boti, soda zinakuja kwa boti, hata bibi harusi akitoka mbali anakuja kwa boti huku kashikilia shela lisiloe.

Mdogo wangu anavua dagaa. Wifi yangu anashona. Ana cherehani ya mguu aliyoikuta kwa mama yake, na anaijulia kweli kweli: sare za shule, madera, mashati ya kwaya. Miaka yote hiyo kazi yake iliitwa "hela ya chumvi", na samaki ndio walioitwa "hela". Mpaka mwaka 2024, uvuvi wa Ziwa Tanganyika uliposimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Miezi mitatu mtumbwi uko mchangani, na nyumba nzima inakula kwa hela ya chumvi. Mdogo wangu hakusema kitu, lakini nilipokwenda kuwasalimia nilimkuta anamkatia mkewe nyuzi. Mwanaume wa Mwamgongo! Nilijifanya sijaona.

Ziwa lilipofunguliwa wakajikaza, wakaweka akiba, ikafika milioni mbili na nusu. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Baba anataka injini nyingine ya boti, ya mtumba. Mama anataka cherehani ya turubai, nayo ya mtumba. Hela ni moja. Wiki mbili wakawa wanasalimiana kwa kupitia watoto, si unajua ile ya "mwambie baba yako chakula tayari"?

Wakaniita niwe refa. Nikafunga safari nikiwa na hofu, maana mimi ni dada wa mume, na mawifi tunajulikana kwa sifa zetu. Nilimuuliza kila mmoja swali moja tu: hiyo hela itarudi kutoka kwa nani? Mdogo wangu akaeleza vizuri, injini, mafuta, usiku wa giza, bei ya dagaa. Wifi hakueleza. Aliingia ndani akatoka na daftari la shule la mtoto. Kumbe tangu ziwa lifungwe alikuwa anaandika kila mteja aliyemrudisha. Mwenye boti ya abiria anataka turubai la kukinga jua na mvua. Mwingine anataka koti la kufunika injini. Kamati ya mazishi, maturubai yao yamechanika pembeni. Msikiti, mikeka ya sponji. Mwenye baa, makochi ya reksini. Karibu kurasa mbili, kila mstari na tarehe, na mwisho wa mstari neno lile lile: "kaenda mjini".

Mdogo wangu alilisoma lile daftari kimya, akalirudia. Kisha akasema, "Huyu wa hapa ni rafiki yangu, mbona hakuniambia?" Wifi akajibu, "Angekuambia nini, kwamba mkeo kashindwa?"

Ugomvi uliishia hapo. Na ningependa dada zangu wote mnaosoma ukurasa huu mkiwa na wazo la biashara na mume mgumu mlijue hilo daftari. Mimi mwenyewe ni mtu wa maneno, lakini siku ile niliona kurasa mbili za penseli zikifanya kazi ambayo maneno yangu yasingeifanya.

Haya, sasa tununue nini? Hapa ndipo watu wengi wanapouziwa kimeo.

Pale Kigoma mjini tulionyeshwa cherehani moja nyeupe, inang'aa, meza yake safi, imeandikwa Juki, na muuzaji anaapa kwamba ni ya kiwandani. Hakusema uongo, ni ya kiwandani kweli. Ila ilikuwa ya ile familia ya DDL, cherehani za viwanda vya nguo. Kazi yake ni kushona mashati kwa kasi ya ajabu mchana kutwa. Mpe tabaka nne za turubai uone: meno ya chini yanavuta tabaka la chini, la juu linabaki linatelezea, mwisho wa mshono pande mbili hazilingani tena, sindano inapinda, uzi unakatika. Neno "kiwandani" linakuambia cherehani inafanya kazi kwa muda mrefu. Halikuambii inashona kitu kinene.

Ya makochi na maturubai ni nyingine. Ukiitazama mguu wake, ule unaokandamiza kitambaa, utaona ni miguu miwili, wa ndani na wa nje, inapokezana kama mtu anayetembea. Sindano ikishazama, mguu wa ndani, sindano yenyewe na meno ya chini vinasogea nyuma pamoja, vinabeba tabaka zote kwa mpigo. Hiyo ndiyo siri yote. Majina utakayoyasikia kwa wauzaji wa mtumba ni Juki LU-563, Juki DNU-1541, Consew 206RB, Pfaff 545 na 1245, Adler 67, na wazee wa kazi Singer 111W. Zipo zenye umri mkubwa kuliko wewe na mumeo na bado zinapiga mzigo. Ile Singer 111W155 ni chuma haswa, ila haina kirudi nyuma, kwa hiyo kufunga mwisho wa mshono unageuza kitambaa chenyewe. Siyo dhambi, lakini ulijue kabla ya kulipa.

Kuna pia ile ndogo ya mafundi viatu, ya kuzungusha kwa mkono, mguu wake unageuka pande zote. Bei yake inavutia na haihitaji umeme. Kwa kiatu na begi ni safi. Kwa turubai la boti utazeeka: bobini yake ni ndogo, utakuwa unajaza uzi kila baada ya hatua chache.

Mimi nilikuwa na semina Dar, kwa hiyo tukapanga safari ya watatu. Mdogo wangu alitaka aende peke yake kubana nauli. Nikamkatalia katakata. Anayekaa kwenye kile kiti ndiye anayejaribu. Ungemtuma mumeo akakujaribishie viatu?

Tulizunguka Kariakoo siku nzima, siku ya pili tukaelekezwa kwenye ghala moja la mitumba ya viwandani. Wifi alikuja na mzigo wake kwenye kikapu: kipande cha turubai, kipande cha reksini, mkanda mnene wa begi, na uzi wake wa polista. Muuzaji alikuwa ameandaa kitambaa chake laini cha kuonyeshea. Wifi akamwambia kwa adabu, "Asante kaka, cha kwako ni kizuri sana, lakini wateja wangu hawana hicho."

Halafu akafanya mambo ambayo hata mimi nilitamani kupiga makofi. Hakuwasha. Aliizungusha kwanza kwa mkono, polepole, ile gurudumu ya pembeni, akiwa kafumba macho. Inatakiwa izunguke laini duara zima, na ikikaza sehemu moja kila mzunguko, kuna kitu kimepinda au kuna kutu. Akaishika nondo ya sindano akaitikisa kushoto kulia kuona kama inacheza. Akafungua chini, akapitisha kucha kwenye ncha ya ile ndoano inayodaka uzi: ikiwa butu au ina mikwaruzo, uzi utakatika milele. Akatazama meno ya chini kama yamelika. Akainusa mafuta. Akapitisha kidole kwenye rangi, maana rangi mpya kwenye cherehani ya zamani ni kama mtu anayejipulizia manukato kabla ya kupita mlangoni saa nane usiku. Kuna anachoficha.

Ya kwanza ilikataliwa kwa sababu ya nondo. Ya pili ilikuwa Juki LU-563, kijivu, chafu, rangi ya zamani imebanduka pale mikono ya watu ilipokuwa inapita. Muuzaji alisema hiyo haishoni, ni ya kutoa spea. Ukizungusha, sindano inapanda na kushuka, lakini ndoano ya chini imelala. Wifi akaniangalia. Mimi sijui kitu, nikamwangalia na mimi.

Sasa sikiliza. Cherehani nyingi za aina hii zina klachi ya usalama. Uzi ukinasa chini, klachi inajiachia ili ndoano isivunjike, na hapo juu kunazunguka, chini kumelala. Mtu asiyejua anasema imekufa. Kuirudisha, unaondoa uzi ulionasa, unabonyeza kitufe chake, unazungusha gurudumu kwa mkono kwa nguvu kidogo mpaka isikike inashika. Wifi aliwahi kuelezwa hilo na fundi makochi mmoja wa Ujiji. Alichokonoa kwa dakika tano, akatoa kifundo cha uzi mweusi kikubwa kama kokwa ya mwese, akabonyeza, akazungusha. Ta! Ikashika.

Muuzaji naye si mtoto. Bei ya spea ilipanda palepale ikawa bei ya cherehani. Tukacheka wote. Lakini alikuwa ameshataja ya kwanza mbele ya mashahidi, kwa hiyo tukakutana katikati, kwenye milioni moja na laki tatu kwa kichwa na meza.

Hapo ndipo ikaja shughuli ya kushona kwenyewe. Turubai tabaka mbili, kisha nne, kisha kupanda kwenye pindo palipokutana tabaka nane. Kisha mkanda juu ya reksini. Alitazama upande wa chini kuliko wa juu, maana mshono unadanganya juu na kusema ukweli chini: vitanzi vikining'inia, ama uzi haujakazwa vizuri ama kuna tatizo kubwa zaidi. Alikaza kidogo, vikaisha. Nawashauri mshone angalau mita moja nzima, tena polepole. Kila cherehani inaonekana nzuri ikikimbia.

Mota ndiyo tuliyoiacha kwa muuzaji. Ilikuwa na kibao kimeandikwa volti 380, yaani umeme wa fezi tatu, wa kiwandani. Nyumbani kwa watu wa kawaida hakuna hiyo. Na zinazotoka Japani au Marekani unaweza kukuta mota za volti 100 au 110, ukichomeka kwenye 230 ya kwetu unanunua moshi. Kwa hiyo soma kibao cha mota, siyo cha cherehani. Mota siyo sababu ya kukikataa kichwa kizuri, kwa sababu inabadilishwa. Tulichukua mpya ya sevo, ya fezi moja. Ile mota ya zamani ya klachi ukishaiwasha inazunguka na kunguruma muda wote hata kama unakunywa chai, na umeme inakunywa pamoja na wewe. Ya sevo inazunguka pale unapokanyaga tu, na mwendo unaupunguza utakavyo, jambo linalomfaa mtu aliyezoea kukanyaga kwa mguu. Kama unategemea jenereta au sola, tofauti hiyo utaiona kwenye mfuko.

Na sindano! Hizi hazitumii sindano za cherehani ya nyumbani. LU-563 inatumia aina ya 135x17, wakati Pfaff 545 na ndugu zake wa Adler wanatumia 134-35. Uliza kabla ya kulipa kama zinapatikana karibu na unakoishi, na uondoke na za kutosha, hasa kama kwenu duka la spea liko masaa kadhaa ya boti. Uzi nao: nailoni ni imara, inafaa ndani kwenye makochi, lakini jua linaila. Turubai linalokaa juani kutwa lishonwe kwa polista. Pamba iachie mashati.

Sasa tufike kwenye kichwa cha habari. Muuzaji kachukua kalamu, kauliza, "Risiti niandike jina la nani?"

Mdogo wangu akataja jina lake. Hakuwa na ubaya, alitaja kama unavyotaja jina lako polisi wakikuuliza. Wifi akaanza kukunja kile kipande cha turubai, akakikunja, akakikunja mpaka kikawa kama kitabu.

Nikamwomba muuzaji aweke kalamu chini kidogo.

Wapenzi, hii ishu mnaichukulia poa sana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 60, inasema hivi kwa lugha ya mtaani: mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja inachukuliwa kuwa ni ya huyo mmoja, mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, inachukuliwa kuwa wana haki sawa. Ni kweli mahakama inaweza kugawa mali iliyochumwa kwa nguvu za pamoja, na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango. Lakini huko ni mahakamani, baada ya ndoa kuvunjika. Nani anataka kufika huko na cherehani mgongoni?

Na mimi sikuwa nafikiria talaka. Nilikuwa nafikiria msiba. Nilimwambia mdogo wangu hivi, kwa sauti ya chini, kwa sababu mambo haya hayapigiwi kelele mbele ya muuzaji: "Wewe ukitangulia, wanaokuja kuhesabu vyombo ni sisi. Siyo watu wa mbali. Ni mimi na baba wakubwa. Nimeshakaa kwenye vikao hivyo, nimeshaona fundi ananyang'anywa kifaa chake kwa sababu karatasi ina jina la marehemu. Usinipe mimi karatasi hiyo."

Alinyamaza. Kisha akasema, "Dada, lakini na mimi nimetoa." Na kweli katoa, sehemu kubwa ya zile milioni mbili na nusu ilikuwa ya dagaa. Mimi ningeandika jina la wifi peke yake na nikamwambia hivyo. Wifi ndiye aliyekata shauri: "Andika wote wawili. Ila langu litangulie, mimi ndiye nitakayeumwa mgongo." Risiti ikaandikwa hivyo. Ipo kwangu kopi, na kopi nyingine kaipeleka kwao.

Kuisafirisha ni hadithi fupi. Kichwa kilitenganishwa na meza, kikapakwa grisi, kikafungwa plastiki na blanketi, kikapanda lori. Mwisho wa reli tumezoea vitu vinavyokuja vipande vipande: hata meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikaletwa kwenye masanduku na kuunganishwa Kigoma. Wajerumani walipoizamisha wenyewe mwaka 1916, mafundi wao walipaka mitambo grisi kwanza. Ilikuja kuinuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Kwa hiyo grisi msiidharau. Kwenye boti ya kwenda Mwamgongo kichwa kilikaa katikati ya magunia, juu ya mapaja ya mdogo wangu na kijana mwingine, na wifi akiwa amekifungia boya la kujiokolea. Yeye mwenyewe hakuvaa. Niligomba.

Kazi ya kwanza ilikuwa turubai la boti ya yule rafiki wa mdogo wangu, aliyemo kwenye daftari. Likatoka bomba. Kulipa sasa, ndugu zangu, akaanza "shemeji nitakuona wiki ijayo". Wiki tatu. Wifi hakumfuata yeye, alimfuata mumewe, akamfungulia ukurasa mpya wa daftari: upande mmoja waliolipa, upande mwingine marafiki zako. Siku mbili baadaye hela ikaja.

Injini bado haijanunuliwa. Wifi kamwambia akimletea wateja watatu wa boti wanaolipa taslimu, mchango wa injini unaanza. Mpaka naandika haya, wawili ameshawaleta.